Kichwa cha mama kinauma: tutazame kwanza sahani yake



Sisi watu wa sendika tunajua kupigania mushahara na viatu vya kazi. Lakini iko jambo moja ndani ya nyumba zetu tunalinyamazia: bibi zetu wamefika miaka 45, 50, na kichwa kinawauma kila mara. Mume anasema ni uvivu. Jirani anasema wamemuroga. Sisi tunasema hapana.

Kati ya miaka 45 na 55, wamama wengi wanakatika hedhi. Miaka inayotangulia, homoni ya kike, estrojeni, inapanda na kushuka bila utaratibu, na kichwa kinaweza kuuma, zaidi kwa yule aliyezoea kuumwa tangu ujana. Hedhi ikiisha kabisa, wengi wanapata nafuu. Homoni hatuwezi kuiamuru. Chakula tunaweza.

Tazameni siku yake. Anaamka mapema, anachota maji, anakunywa chai tupu, anakwenda sokoni ao kuosha mawe ya shaba kwenye jua. Bukari anaila paka magaribi, kiisha mume na watoto kushiba. Njaa, kiu na jua vinatosha kuumiza kichwa cha mtu yeyote.

Wakati wa Union Minière, posho ilihesabiwa kwa mfanyakazi, bibi na watoto. Mwaka 2003, wafanyakazi zaidi ya 10 000 walitoka Gécamines kwa ile "départ volontaire". Mama aliyekuwa na miaka 27 wakati ule, leo yuko karibu na 50. Miaka hiyo yote amejinyima ili watoto wale. Sahani yake, nani anaihesabu?

Basi, asubuhi ale kitu: uji wa kalanga ya kutwanga, ao viazi vitamu. Abebe chupa ya maji. Lengalenga, maharagi na ndakala visikosekane, chumvi na makayabu apunguze, lutuku aache. Na asimeze dawa ya kichwa kila siku: ukiimeza siku 15 ao zaidi kwa mwezi, dawa yenyewe inaweza kuleta maumivu. Apime tansio. Kama kichwa kimeanza kuuma mara ya kwanza kiisha miaka 50, amuone muganga. Kama kimepasuka kwa gafula, mukono umelegea, mudomo umepinda ao kuna homa, ni hopitali siku ile ile.

Kwa kampuni tutadai mapumziko ya kula na maji safi kwa kila mama anayefanya kazi, na bibi za wafanyakazi wapimwe tansio. Lakini tutadai chakula kwa patron namna gani, kama nyumbani sisi wenyewe ni patron mubaya? Tuanze leo: mama naye apakuliwe wakati mumoja na sisi.