Mlikuwa Mnakimbia Nini?

Jumamosi moja tulikaa na watoto chini ya mwembe, hapa upande wa Bwera. Mmoja wetu akawa anawasimulia vakansi za zamani: namna familia nzima ilikuwa inapanda Fuso pale Butembo mwezi wa nane, asubuhi bado giza, na kushuka mpaka ziwani Kyavinyonge kumuona koko. Mtoto mmoja wa miaka kama nane, aliyevuka Mpondwe akiwa mgongoni mwa mama yake, alisikiliza vizuri mpaka mwisho. Halafu akauliza: "Mlikuwa mnakimbia nini?"

Tulicheka. Baadaye, tulipobaki wenyewe, hatukucheka tena. Kwa mtoto yule, watu wa nyumba moja kupanda gari pamoja na mizigo ni jambo moja tu. Hana picha nyingine kichwani. Na si yeye peke yake, wadogo zetu wengi wako hivyo.

Basi tuseme ilivyokuwa, sababu hata sisi wenyewe tumeanza kusahau. Butembo iko juu, zaidi ya mita 1,700, na asubuhi ni baridi kweli. Ziwa Edward liko chini, kwenye mita 900 na kitu. Kwa hiyo ulikuwa unaanza safari na sweta mbili, na kadiri gari linavyozunguka kona za mteremko kutoka Kyondo, masikio yanaziba, joto linapanda, sweta zinavuliwa moja moja. Ukifika chini unavaa singlendi. Tanboi alikuwa anaruka na gogo mkononi kuliweka nyuma ya tairi kila dereva akisimama, na sisi watoto tulimuona yule tanboi kuwa mtu mkubwa kuliko gavana. Kwenye kona moja ziwa lilitokea lote kwa mara moja, linang'aa kama bati jipya, na watoto wote walikimbilia upande mmoja wa Fuso kuangalia. Hapo mama zetu walipiga kelele na kutushika mashati.

Usiku viboko walitoka majini kula majani katikati ya nyumba. Koko alisema tulale kimya, mwenye kijiji anapita. Tulikula samaki mpaka tukachoka, tukarudi na wengine wa chumvi, na sweta zetu zikanuka samaki mpaka Noeli. Vakansi ilikuwa hiyo. Ilikuwa na siku ya kwenda na siku ya kurudi.

Kwa nini mambo haya hatuyasemi? Tuseme ukweli hapa kati yetu vijana. Tumezoea kuulizwa hadithi inayoanza siku ya kukimbia. Kwenye fomu, kwenye mahojiano, mbele ya wageni wenye kamera, wote wanaanzia pale risasi zilipoanzia. Na sisi tumejifunza kujibu. Wengine wanaogopa kabisa kusema kwamba utoto wao ulikuwa na raha, eti afisa atafikiri hawakuteseka vya kutosha, faili ya kwenda ng'ambo italala. Tumewasikia wazazi wakiwanyamazisha watoto kwa sababu hiyo. Lakini mtu anaweza kuwa alifukuzwa kwake na panga na bado akakumbuka samaki wa koko. Si uongo, na haipunguzi kitu kwenye yale mengine. Tena ndiyo inaonyesha tulinyang'anywa nini.

Mwaka jana tuliamua tusiishie kusimulia. Tulichanga kidogo kidogo, wengine pesa ya matofali, wengine ya chapati, wengine ya kubeba mizigo siku za soko pale mpakani. Tukakodi taksi moja, tukawa watu 14, watoto na wazee wawili ndani. Tukaenda Kyambura.

Vijana wengi mnaposti picha za lile korongo kubwa la Marekani, Grand Canyon, lenye kina cha zaidi ya mita 1,600. Ni zuri, hatukatai. Kyambura mbele yake ni kachanga, kina chake ni kama mita 100 tu. Lakini hili ni la jirani. Kutoka Bwera unafika njia panda ya Kikorongo, karibu na ile alama ya ikweta wanapopigia picha watalii, unakata kuelekea Mbarara, unavuka daraja la Katunguru juu ya mfereji wa Kazinga, na haujafika mbali tena. Pande zote ni uwanda tambarare, nyasi zimekauka, jua linachoma, mti mmoja hapa, mwingine kule. Hakuna kinachokuambia kitu kinakuja. Mara ardhi inakatika. Chini ya miguu yako kuna msitu mzito wa kijani, miti mirefu ambayo unaiangalia kutokea juu kama ndege, na mto unausikia kabla hujauona. Sokwe wanaishi humo ndani. Pesa yetu haikutosha kushuka kuwafuata, ilitosha kusimama ukingoni tu. Tuliwasikia lakini, na watoto waliwajibu kwa kelele zaidi.

Sasa kilichotushika sisi si sokwe. Mama mmoja mtu mzima, ambaye hapa tunamjua kwa ukimya, aliwaona watoto wanasogea ukingoni, akaruka akawashika mashati: "Musiiname kule, mutaanguka!" Ilikuwa sauti ileile ya kwenye Fuso. Tulikuwa hatujaisikia miaka. Mama anagomba kwa sababu ya shimo, na siku ile nzima hatari ilikuwa hiyo moja tu.

Tuliporudi kidogo mahali pa juu, hewa ilikuwa safi, na ng'ambo ya ziwa ilionekana milima ya Congo, ya bluu. Waliosoma jiografia wanajua: hili ni bonde moja, Bonde la Ufa la Magharibi, lina ukuta kule na ukuta huku, na ziwa katikati. Utotoni tulishuka ukuta wa kule. Mama yule aliangalia muda mrefu bila kusema neno, halafu akauliza nani ana chapati.

Jioni kwenye taksi watoto walilala wamerundikana. Yule mdogo wetu wa lile swali aliamka karibu na Kikorongo, akauliza: "Tunarudi kulekule?" Tukamwambia ndiyo, kulekule. Akalala tena.

Ndugu zetu wa mashirika, hapa tunawageukia ninyi. Baadaye tuliomba safari kama hii iingizwe kwenye bajeti ya vijana. Jibu tulilopewa, hatutaji ni wapi, ni kwamba burudani si hitaji la msingi. Tunaelewa. Chakula kimepunguzwa, na hakuna anayesema mchukue unga wa watu mnunue dizeli. Lakini kwenye bajeti hiyohiyo kulikuwa na ukumbi wa hoteli siku mbili, soda, bango na fulana, kwa semina ya kuwafundisha vijana namna ya kupunguza mawazo. Tulipiga hesabu. Taksi ni rahisi kuliko fulana.

Usalama nao si neno dogo. Juni 2023 wanafunzi waliuawa pale Mpondwe, shule ya sekondari ya Lhubiriha. Oktoba mwaka huohuo watalii wawili na kiongozi wao waliuawa ndani ya hifadhi ya Queen Elizabeth. Anayeuliza kuhusu usalama anauliza vizuri. Sisi tulikwenda mchana, kwa barabara kubwa, baada ya kuuliza viongozi, tukarudi kabla ya giza, na siku wakisema hapana hatutakwenda. Lakini wengine wanatuzuia kwa kudhani mkimbizi hapaswi kuonekana anatembea. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya 2006 inatupa uhuru wa kutembea. Haikuandika kwamba lazima uwe unakwenda hospitali.

Tena mkikubali, tunaomba msituletee fulana. Wala bango. Wala fomu ya kujaza jinsi tulivyojisikia. Na isiwe ya vijana peke yao, iwe ya familia, sababu kitu kinachotafutwa pale ni mama wa kugomba.

Kwa sasa tumeanza kuchanga upya kwa ajili ya likizo ya Desemba. Shilingi 2,000 kwa wiki, asiye nazo alete mihogo au ndizi za njiani. Wenye mababu na makoko, mje nao. Kiti cha mbele, pembeni ya dereva, hatumpi kijana.