Mji Uwe na Mpaka Wake

Ndugu mkulima, mji usio na mpaka hula mashamba kidogo kidogo, ploti kwa ploti. Tazama Kiambu: mahali pengi palipokuwa na kahawa, leo pana nyumba za orofa na barabara. Kahawa ile haitarudi.

London iliwekewa sheria ya ukanda wa kijani mwaka 1938, ili mashamba na misitu iuzunguke mji. Nairobi nayo ina kinga mbili: kusini Mbuga ya Taifa, iliyofunguliwa mwaka 1946, na kaskazini Msitu wa Karura, uliotangazwa rasmi mwaka 1932. Hata hivyo Karura ulitaka kumegwa ujengwe majumba. Mwaka 1999 Wangari Maathai alipigwa alipokwenda kupanda miti pale. Basi mstari wa ramani hautoshi. Mpaka lazima uonekane, na uwe na watu wa kuulinda.

Kwa hiyo, soko la skimu yako likianza kuwa mji, usingoje. Nenda kwenye mkutano wa mpango wa ardhi wa kaunti, utake mambo mawili: lango barabarani la kuonyesha mji unapoanza, na ukanda wa miti na mashamba kuuzunguka.

Pengine utasema, ploti ina bei kuliko mahindi. Kweli, lakini ploti huuzwa mara moja. Shamba huvunwa kila mwaka. Sheria ya mwaka 1967 yataka kibali cha bodi ya ardhi kabla ya kugawa shamba. Kabla hujaomba kibali hicho, jiulize watoto wako watalima wapi.