Kipakatalishi cha Kijana: Joto Kwanza, Jina Baadaye



Tumepokea barua ya mama mmoja wa Likoni. Mwanawe amemaliza kidato cha nne na anataraji kusomea usanifu wa majengo. Sasa anaomba kipakatalishi kidogo, cha kutia begani, lakini chenye nguvu ya kuchezea gemu. Mama anatuuliza mambo mawili: je, huu si ujanja wa kutaka mchezo kwa jina la masomo? Na kama si ujanja, atazame nini akifika dukani, ilhali yeye, kwa maneno yake, ajua kuchagua rangi tu?

Swali hili limetugusa, kwani tuliwahi kulijibu sisi wenyewe kwa vitendo, tena tukalijibu vibaya. Basi kabla ya kumshauri mama huyu, ni haki tumsimulie kosa letu.

Mwaka juzi shemeji yetu, mjane wa ndugu yetu, alitukabidhi shilingi laki moja na sabini elfu. Fedha hizo alizikusanya kwa kuuza mahamri na viazi karai, asubuhi na jioni, kwa muda wa miaka mitatu. Alitaka tumnunulie mwanawe kipakatalishi cha chuo. Ilikuwa amana. Kijana naye alitupa karatasi aliyoiandika kwa mkono, akatuomba tuisome kabla ya kwenda dukani. Tuliikunja tukaitia mfukoni. Tulijiambia kuwa mtoto wa miaka kumi na tisa hawezi kutufundisha kununua kitu.

Dukani tulionyeshwa mashine nyembamba kama sinia, yenye kung'ara. Jina la kadi ya michoro lilikuwa lile lile ambalo kijana amekuwa akilitaja kila siku, na bei ilipungua kwa elfu kumi na tano. Tulilipa, tukarejea nyumbani tukijisifu kwa busara yetu.

Mwezi haukwisha ila shemeji alitulalamikia. Mashine yavuma usiku kucha kama mtambo wa kusaga, vitufe vyaunguza vidole, na picha zakwama kiooni. Tulimwita kijana baada ya swala ya isha, tukamkemea mbele ya mamake. Tulimwambia ameiharibu mali ya mamake kwa michezo ya usiku. Aliinamisha kichwa, akanyamaza kitambo, kisha akasema: "Ami, nipe ruhusa nikuonyeshe kitu."

Alifungua programu ndogo inayoonyesha hali ya mashine ndani kwa ndani. Prosesa ilikuwa nyuzi 97 za Selsiasi, na kadi ya michoro haikupita wati 55. Akatuomba ile karatasi. Tulipoikunjua, tulikuta ameandika kwa wino mwekundu: kadi isipungue wati 100. "Jina ni moja, Ami," akasema, "lakini wati si moja."

Tulimwomba radhi pale pale mbele ya mamake, kwa kuwa ni mbele yake tulipomkemea. Tangu siku hiyo tumejifunza kwake yafuatayo.

La kwanza ni maana ya wati. Kadi ya michoro ndicho kiungo kinachochora kila kinachosogea kiooni, nayo hula umeme kwa kadiri ya kazi yake. Mtengenezaji wa kipakatalishi ndiye aamuaye kadi itapewa umeme kiasi gani, kwa kutazama ukubwa wa mwili wa mashine na uwezo wake wa kutoa joto. Mfano ni kadi ya NVIDIA iitwayo RTX 4060 ya vipakatalishi, iliyotoka mwaka 2023. Kampuni yenyewe imeiwekea kiwango cha wati 35 hadi 115. Mashine mbili zaweza kubandikwa jina hilo moja, na moja ikapewa umeme unaozidi wa mwenzake mara tatu. Ni mfano wa wanaume wawili wanaoitwa Hamisi: jina halikuambii nani awezaye kubeba gunia. Basi muulize muuzaji wati za kadi katika mashine hii hii iliyo mbele yako. Asipojua, zitafute katika maelezo ya mtengenezaji kabla hujafungua pochi.

Pia kadi ina memori yake yenyewe, ambayo haiongezeki abadani. RTX 4050 ya vipakatalishi ina gigabaiti 6, na RTX 4060 ina 8. Ajabu ni kuwa RTX 4070 ya vipakatalishi, iliyo ghali zaidi, nayo ina 8. Huongeza kasi, lakini nafasi ya kuwekea mchoro mkubwa haiongezi. Kwa mwanafunzi mwenye fedha za kuhesabu, RTX 4060 iliyopewa wati za kutosha yaweza kumfaa kuliko RTX 4070 iliyobanwa katika mwili mwembamba.

La pili ni joto, na hapa sisi watu wa pwani tuna hesabu yetu. Umeme wote unaoingia katika mashine hutoka ukiwa joto. Kazi ya mabomba ya shaba na panka zilizomo ndani ni kulitoa joto hilo nje, na panka hazina hewa nyingine ya kupozea ila ile ya chumbani. Mashine inayofika nyuzi 85 katika chumba cha nyuzi 22 huko Ulaya, itakaribia 95 katika chumba cha nyuzi 32 cha Mji wa Kale wakati wa kaskazi. Prosesa nyingi za vipakatalishi zimewekewa ukomo wa karibu nyuzi 95 hadi 100. Zikifika hapo hujipunguzia mwendo zenyewe zisiungue. Ndiyo sababu ya picha kukwama: mashine haikuwa mbovu, ilikuwa ikijiokoa.

Kwa hiyo kipakatalishi chembamba kupita kiasi si chaguo la mji wetu. Chenye kioo cha inchi 14 chatosha kwa udogo, lakini kitazame ubavuni na nyuma: kina matundu mapana ya kutolea hewa? Kina panka mbili au moja? Unene wa nusu kidole zaidi ni nafuu kuliko kelele ya miaka minne.

La tatu ni kutenganisha kinachoweza kubadilishwa baadaye na kisichoweza. Katika vipakatalishi hivi, prosesa na kadi ya michoro aghalabu hulehemiwa kwenye bodi, hivyo unavyonunua ndivyo utakavyokaa navyo. Diski ya SSD mara nyingi hubadilishwa kwa bisibisi na dakika kumi, kwa hiyo usilipe zaidi kwa ajili yake leo. Gigabaiti 512 zatosha kuanzia, ingawa gemu moja kubwa siku hizi yaweza kumeza gigabaiti 100.

Memori ya mashine yenyewe ndiyo yenye mtego. Baadhi ya vipakatalishi vina nafasi mbili za kuchomeka vipande vya memori, na vingine, hasa vyembamba vya sasa, vimelehemiwa memori yote. Kama inachomekwa, nunua gigabaiti 16 katika vipande viwili vya 8 badala ya kimoja cha 16, kwani prosesa hupata njia mbili za kuchukulia data. Kama imelehemiwa, na kijana atachora majengo, jikaze ufikie 32 tangu mwanzo, au utafute mashine nyingine. Hakuna fundi wa barabarani atakayekuongezea kesho kwa bei ya busara.

Kioo nacho kina hesabu. Kioo cha nukta 1920 kwa 1200 kina nukta milioni 2.3, na cha 2560 kwa 1600 kina milioni 4.1. Cha pili ni kizuri kwa mistari ya ramani, lakini kadi itatoka jasho karibu maradufu kukijaza wakati wa mchezo. Kijana akubali kuishusha gemu kwenye kipimo cha chini, au achukue kioo cha kwanza. Kuhusu chaja, chaja nyepesi ya USB-C ya wati 65 au 100 yatosha kwa kuandika na kusoma chuoni. Ile kubwa ndiyo ya gemu na michoro mizito, na begi lipimwe pamoja nayo.

Ama kurekebisha mashine iliyokwisha nunuliwa, hayo ndiyo aliyoyafanya kijana wetu kuokoa kosa la ami yake, nayo hayakugharimu ila subira.

Kwanza aliiinua nyuma kwa vibao viwili vya mbao ipate kuvuta hewa chini, na akaapa kutoiweka tena kitandani, kwani godoro huziba matundu. Pili, katika mipangilio ya nishati ya Windows, penye kiwango cha juu cha prosesa, alipunguza 100 kuwa 99. Tofauti ni ya moja tu, lakini katika mashine yetu iliizuia prosesa kukimbia mbio za ziada zinazozaa joto kubwa kwa faida ndogo. Tatu, aliiwekea gemu ukomo wa picha 60 kwa sekunde. Hapo awali mashine ilikuwa ikijitahidi kutoa picha nyingi kadiri iwezavyo, hata katika ukurasa wa kuchagua timu.

Nne, aliipunguzia kadi volti kidogo kidogo kwa programu maalumu. Kila alipopunguza aliijaribu kwa kazi nzito kwa nusu saa. Ilipozimika ghafla, alirudi hatua moja nyuma, akaishia hapo. Jambo hili si la papara, na si kila mashine huliruhusu. Tano, fundi aliifungua, akapuliza vumbi huku akizishika panka zisizunguke ovyo, akafuta pesti ya joto iliyokauka na kupaka mpya. Fundi mwingine alikuwa amemshauri apake metali ya maji badala ya pesti. Kijana alikataa, nasi tunamuunga mkono: metali hiyo hupitisha umeme ikidondoka kwenye bodi, na galiamu iliyomo hula aluminiamu. Mwisho, kwa kuwa mashine hukaa kwenye chaja muda mrefu, aliiwekea betri ukomo wa asilimia 80 ili isichakae mapema.

Natija ikawa njema. Prosesa ilishuka kutoka nyuzi 97 hadi 84, shemeji akapata usingizi, na picha zikaacha kukwama. Lakini tuseme kweli: kadi ya wati 55 haikugeuka kuwa ya wati 100. Kurekebisha huondoa adha, hakurudishi kilichopunjwa siku ya kununua. Michoro yake mikubwa bado humchukua muda mrefu kuliko wenzake, naye hasemi neno. Ukimya huo hutuuma kuliko lawama.

Sasa turudi kwa mama wa Likoni na swali lake la kwanza. Si ujanja, dada yetu. Mashine haijui kuwa hili ni gemu na hili ni somo. Kiwanja cha mpira na nyumba ya ghorofa, vyote ndani ya kadi ni maelfu kwa maelfu ya pembetatu zinazochorwa na kutiwa mwanga. Chenye kuweza hiki chaweza kile. Kipakatalishi cha ofisi kitamchelewesha mwanao kuanzia mwaka wa kwanza. Saa za mchezo ni jambo jingine, nalo halitatuliwi kwa kununua mashine dhaifu. Hilo hutatuliwa kwa maagano baina yako na yeye kabla ya kulipa, mkiwa mmekaa kitako, si kwa makelele ya usiku wa manane.

Mwambie akuandikie karatasi. Aandike atakayoyafanya na mashine, jina la kadi na wati zake, ukubwa wa memori na kama imelehemiwa au yachomekwa, na upana wa kioo. Kisha mwende dukani pamoja, naye aulize huku wewe ukisikiliza. Ukiona muuzaji anajibu jina tu bila ya wati, ageni mwende duka la pili. Mwombe pia awashe mashine na kuitia kazi nzito kwa robo saa mbele yenu, nawe uweke kiganja juu ya vitufe. Hapo hutahitaji kujua zaidi ya rangi, kwani mkono wa mama aliyezoea karai wajua joto.

Ile karatasi ya kijana wetu tunayo hadi leo, imekaa ndani ya daftari letu la hesabu. Kila tukabidhiwapo fedha za mtu kununua kitu, huifungua tukaisoma kwanza.

Tunamwombea mwanao kheri katika masomo yake. Wabillahi tawfiq.