Mvua isituharibie jiko la gazi

Juma hili tunajibu swali ambalo limetoka katika makundi yetu mengi tangu mvua ya Septemba ianze: tufanye nini na jiko la gazi la kuchomea nyama, lile linalokaa inje kwenye parseli, wakati mvua inanyesha kila siku mchana?

Swali ni la maana kwa sababu mbili. Ya kwanza ni franka. Jiko hilo wengi wetu hatukulinunua peke yetu. Tumelipata kwa likilimba, ao kwa deni la MUSO, wamama watatu ao watano pamoja, ili tuchome brosheti, kuku, samaki na ndizi, watoto wasome. Jiko likifa kwa kutu kabla ya deni kwisha, deni halifi nalo. Sababu ya pili inapita franka: mvua ikishuka kwa gafula, kuna watu wanaosukuma jiko likiwa na moto mpaka ndani ya nyumba. Hapo si jiko tena lenye hatari, ni watu. Tutaongea juu ya yote mawili.

Mvua inaharibu namna gani?

Kutu inataka vitu vitatu vikutane: chuma, maji na hewa. Mvua inayonyesha na kukauka palepale haifanyi ubaya mkubwa. Yenye kuharibu ni maji yanayobaki: katika sinia ya chini inayopokea mafuta, chini ya vifungulio, kwenye visikurubu, na zaidi ndani ya yale mabomba membamba yenye matundu ambamo moto unatokea. Ukichanganya maji hayo na chumvi ya nyama, kutu inakimbia zaidi.

Sisi wa Goma na pembeni yake tuna jambo lingine. Moshi wa Nyiragongo una gazi ya kiberiti, na gazi hiyo ikikutana na mvua inafanya maji makali kama ndimu. Upepo mara nyingi unapeleka moshi huo upande wa magharibi, kwenda Rusayo na Sake. Wenye kukaa huko wanajua manjanja inavyotoboka mbele ya wakati wake. Maji yanayokula manjanja ya nyumba hayatasamehe jiko.

Alama ya kwanza ya jiko lililoanza kuumia utaiona kwenye moto. Moto mzuri wa gazi ni wa bluu na unasimama sawasawa kwa kila tundu. Moto wa manjano, unaorukaruka, unaotia masizi kwenye nyama, unakuambia kwamba matundu yamezibwa na kutu, mafuta ao uchafu. Usingoje mpaka matundu mengine yazimike kabisa.

Mahali pa kuliweka

Usiweke jiko moja kwa moja juu ya udongo. Liinue juu ya matofali, ao juu ya mawe ya volkeno yaliyopangwa vizuri, bila kutikisika. Usiliweke kwenye mstari ambao maji ya manjanja yanadondokea, kwa maana maji ya paa ni mengi kuliko mvua yenyewe na yanarusha matope.

Kilicho bora ni hangari ndogo: miti mine, manjanja juu, na pande zote wazi, ao ukuta upande mmoja tu, ule unaoleta upepo wa mvua. Paa liwe juu kuliko mkono wa mama aliyesimama na kunyoosha. Tena, liwe mbali na nyumba hatua tatu ao ine, zaidi kama nyumba ni ya mbao, sababu mbao zinashika moto upesi. Usifunge hangari pande zote kwa bashi ili mvua isiingie. Ukifanya vile, umeshajenga nyumba, na hatari za ndani ya nyumba zinarudi.

Namna ya kulifunika

Kwanza, lipoe kabisa. Bashi ya plastiki juu ya jiko la moto inayeyuka na kushikamana na chuma, na inaweza kuwaka. Weka mkono karibu na kifuniko. Kama bado unasikia joto, ngoja.

Pili, bashi ishuke mpaka karibu na miguu lakini isiguse udongo. Jiko lililofungwa mpaka chini linatoa jasho: asubuhi ukifunua utakuta maji ndani hata kama mvua haikunyesha. Lazima hewa ipite chini.

Tatu, weka kitu katikati, kama kibao, ili bashi iwe na mgongo kama wa paa na maji yateremke pande mbili. Bashi iliyolala inakusanya maji kama beseni. Funga kamba chini ili upepo usiibebe.

Ine, jua likitoka, funua. Jiko linataka kukauka kama vile nguo zinavyotaka. Mama mshonaji wa kundi anaweza kushona bashi ya zamani kwa kipimo cha jiko. Kazi hiyo ni ya nusu siku, na haiombi kununua kitu kipya.

Mvua ikikukuta unachoma

Hapa wamama, tusikilizane vizuri. Kama huna hangari na mvua imeshuka, funga chupa ya gazi kwanza, acha moto uzimike wenyewe kwenye tiyo, kisha funga vifungulio vya jiko. Toa nyama, weka ndani ya sahani yenye kifuniko, shusha kifuniko cha jiko, ondoka. Usimwage maji juu ya chuma cha moto. Mteja atangoje. Nyama iliyonyeshewa inaweza kurudishwa kwenye moto.

Usiingize jiko lenye moto ndani ya nyumba, ao kwenye kijikoni kilichofungwa, ao kwenye koridoo. Moto usiopata hewa ya kutosha unatoa gazi ya kaboni monoksidi. Haina harufu, haina rangi, haikohozeshi. Inaingia katika damu na kuchukua nafasi ya hewa nzuri. Mtu anasikia kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, miguu kulegea, kisha usingizi. Anayelala namna hiyo anaweza asiamke. Mbabula ya makala inatoa gazi hiyohiyo, na tena nyingi, hata wakati makala imebaki nyekundu bila moshi. Kwa hiyo wale wanaoingiza mbabula chumbani usiku wa mvua ili watoto wasisikie baridi, neno hili ni lenu pia. Ukiona alama hizo kwa mtu, mtoe inje kwenye hewa mara moja, kisha mpeleke kwenye kituo cha afya, hata kama anasema amepata nafuu.

Kuna pia gazi yenyewe, ile ya chupa. Ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipandi juu kama moshi, inashuka na kulala chini. Sisi tunaojua mazuku tunaelewa upesi. Mazuku ni gazi nyingine, ya kaboni, inayotoka katika udongo wetu na kulala kwenye mabonde madogo, ambako imekwisha kuua mbuzi na watu. Gazi ya kupikia inalala chini vilevile, lakini yenyewe inawaka. Ikikuta kiberiti, mbabula ao kifungulio cha umeme, inalipuka. Ndiyo maana chupa isiwekwe ndani ya shimo, chini ya kitanda, ao karibu na mfereji, hata kama kunanyesha namna gani. Chupa inakaa inje, imesimama wima. Mvua haiidhuru haraka. Inayooza ni sehemu yake ya chini inayokaa kwenye matope, basi iweke juu ya kibao ao tofali mbili. Kama kutu imekula mpaka chuma kinatoka kama maganda, irudishe kwa muuzaji, usiijaze tena.

Kisha mvua

Kabla ya kuwasha tena, fanya mambo haya kwa utaratibu:

Moja: toa sinia ya chini, mwaga maji na mafuta, pangusa. Maji yakijaa pale, mafuta yanaelea juu, yanamwagika pembeni, na yanaweza kushika moto.

Mbili: panguza vifungulio na mabomba ya moto kwa kitambaa kikavu. Zibua matundu kwa brosi na waya mwembamba, polepole, bila kuyapanua. Angalia pia mlango wa bomba: buibui wanapenda kujenga humo wakati jiko limefunikwa siku nyingi, na utando wao unazuia gazi.

Tatu: tazama detanderi, ile kichwa kinachofungwa juu ya chupa. Ina katundu kadogo ka kupumulia. Kakizibwa na matope ao maji, gazi haitoki kwa kipimo kizuri. Kama detanderi ilizama katika maji ya mafuriko, usiikaushe na kuirudisha. Nunua nyingine.

Ine: kunja tiyo kidogo mkononi, toka mwanzo mpaka mwisho. Ukiona mipasuko midogo, ukisikia imekuwa ngumu kama mti ao ina alama za panya, ibadilishe. Usiifunge kwa mpira wa baisikeli ao skochi. Tiyo nyingi zina mwaka ulioandikwa juu yake, usome.

Tano: jaribu kwa sabuni. Tia sabuni katika maji kidogo, tikisa mpaka ifanye povu. Vifungulio vya jiko vikiwa vimefungwa, fungua chupa, kisha pakaa povu kwenye kila maungio: chupa na detanderi, detanderi na tiyo, tiyo na jiko. Mapovu yakiota na kukua, gazi inavuja hapo. Funga chupa, kaza, jaribu tena. Yakiendelea, jiko lisiwashwe siku hiyo. Kamwe usitafute mahali pa kuvuja kwa kiberiti.

Sita: wakati wa kuwasha, kifuniko cha jiko kiwe wazi. Ukifungua gazi chini ya kifuniko kilichoshuka, inajikusanya, na kiberiti kinaifanya irukie uso wako. Kama haikuwaka upesi, funga, ngoja dakika tano, kisha anza upya.

Kila siku, jioni

Ukimaliza kuchoma, acha moto uwake dakika kumi ao kumi na tano bila nyama. Mafuta yaliyobaki yatakauka na maji yatatoka. Kwaruza wavu kwa brosi. Ukipoa kidogo, upake mafuta ya kupikia kwa kitambaa, kidogo tu, ung'ae. Mafuta hayo yanakuwa kama koti kati ya chuma na maji. Wavu wa chuma kizito unataka hivyo kila siku. Wa inoksi unavumilia zaidi, lakini inoksi nayo inapata kutu ikilala katika chumvi na maji.

Neno kwa makundi

Jiko la watu watano mara nyingi ni jiko lisilo na mwenyewe. Kila mama anawaza kwamba mwenzake amefunika, na mvua inakuta jiko uchi. Basi andikeni katika daftari: Jumatatu nani anafunga chupa na kufunika, Jumanne nani, mpaka Jumapili. Yule anayefunga atie alama karibu na jina lake. Tena, kila siku ya soko wekeni franka kidogo pembeni, katika bahasha ya peke yake, kwa ajili ya tiyo na detanderi. Bahasha hiyo isikopeshwe, hata kwa ndoa ao kilio. Siku tiyo itakapopasuka, hakuna atakayesema, «Tufunge na skochi kwanza, tutanunua juma lijalo.»

Tunaomba kila kundi lenye jiko la gazi lifanye jaribio la sabuni kabla ya Jumamosi hii, wamama wote wakiwepo, na wasichana wanaosaidia kazi pia, kwa maana mara nyingi ni wao wanaowasha. Mtuletee habari ya yale mliyoyakuta. Juma lijalo tutaongea juu ya makala: namna ya kuhifadhi gunia lisinyeshewe, na kwa nini makala yenye maji inatupotezea franka na kutujaza moshi machoni.