Tahadhari: Msipande Matete Peke Yake

Wanaojenga mabwawa ya mimea ya kusafisha majitaka, iwe shuleni, hospitalini, hotelini au kwenye halmashauri, wasubiri kidogo kabla ya kuagiza miche. Bwawa lililojazwa aina moja ya mmea linaweza kutoa maji yanayopita vipimo vyote vya maabara, na papo hapo likawa linatoa gesijoto mchana na usiku. Mkaguzi huchukua chupa ya maji. Hewa iliyo juu ya bwawa hakuna anayeipima.

Kinachotisha ni kasi ya kosa lenyewe kuenea. Matete kwa kawaida hayapandwi kwa mbegu: fundi hukata vipande vya mizizi kwenye bwawa lililokwisha kushika, akavichomeka kwenye kokoto za bwawa jipya. Bwawa moja likawa mama wa mengine kumi, yote yenye mmea uleule na udhaifu uleule.

Chini ya kokoto, penye maji yasiyo na oksijeni, kuna vijidudu vinavyozalisha methani. Juu kidogo, kando ya mizizi inayovujisha oksijeni, vipo vingine vinavyoila methani hiyo kabla haijatoka. Shina la tete lina uwazi ndani. Linashusha hewa mizizini, lakini pia ni bomba la kupandishia methani moja kwa moja angani. Mizizi yote ikikaa kina kimoja na kudhoofika msimu mmoja, walaji wa methani hukosa makao. Mizizi yenye vina tofauti husambaza oksijeni mahali pengi zaidi. Methani, kwa hesabu ya miaka 100, hupasha dunia joto takriban mara 27 zaidi ya kiasi kilekile cha kaboni dioksidi.

Mbaya zaidi ni gesi ya nitrasi oksaidi, mara 273. Hii huzaliwa pale bakteria wanapoivunja naitrojeni ya mkojo na mabaki ya chakula wakaishia njiani, mara nyingi kwa kukosa kaboni ya kutosha.

Sasa msikimbilie kuchanganya kila kinachoota. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Zhejiang, China, wamelijaribu jambo hili: mchanganyiko wa mimea huweza kuondoa naitrojeni zaidi, lakini nitrasi oksaidi hupanda au kushuka kutegemea ni mimea gani imekutanishwa. Wingi wa aina peke yake si dawa. Na magugu maji yasitiwe kabisa, hata kama yanakua haraka na hayana gharama. Ziwa Victoria limehangaika nayo tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, na yakifa huoza majini.

Chagueni aina tatu au nne za kienyeji kutoka bonde la karibu: matete, mafunjo, na jamii za ndago, moja yenye mizizi ya kwenda chini, nyingine ya kutanda juu. Vipandikizi vichukuliwe sehemu mbalimbali. Majani yaliyokauka yakatwe na kutolewa, ila mkate juu ya usawa wa maji, maana shina lililozamishwa halipitishi hewa na mizizi hufa. Tenki la septiki lililo kabla ya bwawa linyonywe kwa wakati. Tope likiingia kwenye kokoto, hakuna mmea utakaoliokoa bwawa. Mkisikia harufu ya yai bovu au kuona kokoto zimekuwa nyeusi, oksijeni imekwisha.

Wenye mabwawa ya zamani wasiyafukie. Majitaka yaliyoachwa mtaroni nayo hutoa gesi, na huweza kueneza kipindupindu. Punguzeni matete kwa vipande, mpande aina nyingine penye nafasi, mkianzia upande ambao maji huingia.

Na mkataba wowote mpya ambao mbele ya neno "mimea" umeandikwa "matete" tu, urudisheni kwa mhandisi kabla ya kutia saini.