Lenzi ya Jicho na Neno "Dhahiri"

Mgonjwa wa mtoto wa jicho anayefanyiwa upasuaji kisiwani Pemba haulizi kama lenzi atakayowekewa inalindwa na hataza ya mtu. Hata hivyo, bei ya lenzi hiyo hutegemea kwa kiasi fulani jibu la swali hilo, na jibu lenyewe mara nyingi husimama juu ya neno moja la kisheria: dhahiri.

Hataza si jambo la Muungano. Zanzibar ina Sheria yake ya Mali ya Viwanda, Na. 4 ya 2008, inayotaka kila uvumbuzi usiwe dhahiri kwa mtu mwenye ujuzi wa kawaida wa fani husika. Mtu huyo si bingwa wala si mpita njia. Ni mtaalamu wa kufikirika anayeyajua yote yaliyokwisha kuwekwa hadharani kabla ya maombi.

Ugumu ni kwamba uvumbuzi ukishajulikana huonekana mwepesi. Harold Ridley alipopandikiza lenzi ya kwanza London mwaka 1949, alichagua akriliki kwa sababu vipande vya vioo vya ndege za kivita, vilivyobaki machoni mwa marubani, havikuleta madhara makubwa. Leo ni rahisi kusema kuwa yeyote angeliona hilo. Wakubwa wa fani yake walimpinga kwa miaka mingi, na upinzani wa namna hiyo ni ushahidi ambao mkaguzi hana haki ya kuupuuza.

Tuseme sasa kwamba maandiko yamekwisha kuonyesha kuwa ukingo wa pembe kali hupunguza ukungu nyuma ya lenzi, kisha mwombaji anahamishia ukingo uleule kwenye lenzi ya plastiki nyingine. Dai kama hilo linastahili kukataliwa, lakini kwa hoja: andiko lipi, la tarehe gani, na nini kingemsukuma fundi kuunganisha mambo hayo mawili. "Kila daktari anajua" si hoja.

Hapo ndipo wahudumu wa macho wanapohusika, ingawa wengi hudhani hayo ni ya mawakili. Mbinu iliyofundishwa Wete au Mkoani kwa mdomo tu ni vigumu kuthibitishwa miaka kumi baadaye, kampuni inapoidai kuwa yake. Ukurasa mmoja uliochapishwa, wenye tarehe na usio na siri ya mgonjwa, ungemtosha mkaguzi.