Vumbi la Ubomoaji: Mwenye Nyumba Ajenge, Jirani Asiumie

Mombasa inajengwa upya. Majengo hadi Kisauni, nyumba za Kiswahili zinabomolewa kupisha maghorofa, na hata kwenye vichochoro vya Mji wa Kale kuta zinavunjwa ili kuongezwa vyumba. Si vibaya, watu wanahitaji makazi. Ubaya ni kwamba gharama ya vumbi haimfikii mwenye nyumba. Inamwangukia jirani: nguo alizoanika, mahamri anayouza barazani, na kifua cha mtoto wake mwenye pumu.

Vumbi nalo halifanani. Jiwe la matumbawe walilojengea wazee wetu ni chokaa kwa sehemu kubwa; linawasha macho na koo. Lakini zege na plasta ya saruji vina mchanga, na ndani ya mchanga mna silika. Fundi akikata kwa grenda bila maji, silika hugeuka chembe zisizoonekana kwa macho, zikashuka hadi ndani kabisa ya mapafu na kuyatia makovu yasiyopona. Rangi ya zamani huenda ikawa na risasi, inayodhuru ubongo wa mtoto. Paa la asbesto ndilo la kuogopwa zaidi, kwani nyuzi zake huleta saratani miaka mingi baadaye. Tangu 2006 kanuni za taka nchini zinaihesabu asbesto kuwa taka hatari. Haivunjwi kwa nyundo wala haitupwi jaani pamoja na kifusi.

Sheria zipo. Ibara ya 42 ya Katiba inampa kila mtu haki ya mazingira safi, na Ibara ya 70 inamruhusu kwenda mahakamani haki hiyo ikivunjwa. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamtaka mwajiri awakinge wafanyakazi wake. Lakini nani atashtaki kwa kazi ya siku nne? Kesi ikitajwa, kifusi kimeshasombwa na vumbi limeshavutwa.

Kwa hivyo kinga ianze kabla ya nyundo ya kwanza, na kinga kubwa ni maji. Mafundi hujibu kwamba maji ni ghali, na ni kweli; wengi wetu tunanunua kwa mitungi ya mkokoteni. Lakini kifusi hakitaki maji matamu. Maji ya chumvi ya kisima, yasiyofaa kunywa wala kuchanganyia zege ya nondo, yanatosha kulowesha kinachokwenda kutupwa. Umeme ukatwe kwanza, kisha ukuta uloweshwe kabla ya kuvunjwa na kifusi kabla ya kusombwa. Upande wa jirani utundikwe turubai. Kifusi kishushwe kwa magunia, kisimwagwe kutoka juu. Sakafu ifutwe kwa tambara bichi, si ufagio mkavu. Na fundi apewe barakoa ya N95, maana leso iliyofungwa mdomoni haizuii silika.

Hakuna hata moja hapo linaloshinda bajeti ya mtu anayeinua ghorofa. Kaunti iyaandike haya kuwa masharti ya kibali cha kubomoa, na mkaguzi afike siku ya kazi, si baada yake. Nao wazee wa mtaa wamuulize mwenye nyumba mapema: turubai liko wapi, na maji yatatoka kisima gani?